Maneno ya Kiingereza Yaletayo Mashaka: "Let"



Mwalimu mmoja ametuandikia barua, naye auliza hivi: "Siku zote nimewafundisha watoto ya kuwa let maana yake ni kuruhusu. Walakini nimeona hati ya kusafiria ya Mwingereza mmoja, na ndani yake imeandikwa kwamba mwenye hati apite without let or hindrance. Je, yawezekanaje mtu apite bila ruhusa, na hati hiyo hiyo ndiyo imwombeayo ruhusa?"

Swali hili limetupendeza sana. Neno lenyewe ni la herufi tatu tu, na mtoto hukutana nalo katika mwaka wake wa kwanza wa kujifunza Kiingereza, kwa hiyo watu hudhani hakuna la kuuliza. Lakini maneno mafupi ndiyo yawapatishayo taabu wageni wa lugha. Mtu akikutana na neno refu hufungua kamusi. Akikutana na let hupita mbio, naye hajui kwamba amepotea njia.

Kwanza twamwondolea mwalimu shaka: ameona sawasawa. Hapo kale Waingereza walikuwa na vitenzi viwili, si kimoja. Katika Kiingereza cha zamani, kabla ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066, palikuwa na lætan, yaani kuacha, kuachilia, kuruhusu. Na palikuwa na lettan, yaani kuchelewesha, kuzuia. Hili la pili ni ndugu wa late, neno ambalo mtoto wa shule hulijua vema kwa kuwa huandikiwa kitabuni siku afikapo baada ya kengele kulia. Amzuiaye mtu njiani humchelewesha, na ndivyo maana hizo zilivyoshikana. Karne zilivyopita miisho ya maneno ilikatika, sauti zikakaribiana, hata vitenzi vyote viwili vikawa let.

Sisi nasi tunayo mambo ya namna hiyo. Kaa la moto, kaa wa pwani, na kukaa kitako: sauti ni moja, nasi hatudhani kwamba mnyama yule wa pwani aliitwa kaa kwa sababu ameketi. Ila Waingereza walipata taabu iliyozidi yetu, maana maneno yao mawili yalipingana. Neno moja lilimfungulia mtu mlango, la pili likaufunga, na sikio lisiweze kuyatenga.

Biblia ya Kiingereza iliyopigwa chapa mwaka 1611, ijulikanayo kwa jina la Mfalme James, inayo maneno yote mawili. Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 1 mstari wa 13, Paulo aeleza kwamba mara nyingi alikusudia kwenda kwao akazuiwa. Kuzuiwa huko wafasiri wa 1611 walikuandika kwa neno let. Na katika Waraka wa Pili kwa Wathesalonike, sura ya 2 mstari wa 7, yule aizuiaye siri ya uasi ametajwa kwa kitenzi hicho hicho, tena mara mbili katika mstari mmoja. Msomaji wa leo asiyeijua maana ya kale atafahamu kinyume kabisa: atadhani yuko mtu auruhusuye uovu, na kumbe yuko auzuiaye. Kosa hili si la sarufi peke yake. Laweza kuyageuza mafundisho juu chini. Kwa sababu hiyo wasahihishaji waliolitoa Agano Jipya la Kiingereza mwaka 1881 waliliondoa neno let mahali hapo pawili, wakaweka maneno ya kuzuia yasiyo na shaka. Mwalimu atayarishaye somo kwa kuisoma Biblia ya 1611 aisome pamoja na tafsiri nyingine, na hasa pamoja na ya Kiswahili, ambayo katika mistari hiyo ni wazi kuliko ile ya Kiingereza.

Wasomao michezo ya Shakespeare watalikuta pia. Katika Hamlet, mtoto wa mfalme ataka kumfuata mzimu wa babaye, rafiki zake wamshika. Naye kwa hasira awatisha kwamba atamwua ye yote "atakayem-let". Wanafunzi wengi hushangaa: kwa nini amwue mtu ampaye ruhusa? Wakiambiwa maana ya kale, mara moja wacheka.

Siku hizi let ya kuzuia imekwisha kufa katika mazungumzo. Imebaki mahali pawili watu wanapoiona, na pa kwanza ni hapo alipoiona mwalimu wetu. Hati ya kusafiria ya Uingereza hata leo yaomba mwenye hati apite "bila kizuizi wala pingamizi", na hati za nchi nyingine zilizotawaliwa na Uingereza, kama Uhindi, zilirithi usemi huo. Let na hindrance hapo ni kitu kimoja kilichotajwa mara mbili, kwa kuwa wanasheria wa Kiingereza walipenda sana kusema jambo kwa jozi. Mahali pa pili ni uwanja wa tenisi. Mchezaji aanzapo kwa kuupiga mpira, nao ukagusa wavu kisha ukaanguka ndani ya mistari ipasayo, mwamuzi huita "Let!" na mpigo hurudiwa. Mpira umezuiwa njiani. Wala hakuna aliyeruhusiwa kitu. Wachezaji wengi, kwa kuwa wameuona wavu ukiguswa, hudhani neno ni net, nao huita hivyo. Twawasamehe, maana kosa lao lina akili.

Basi tuiache ile iliyokufa, tuitazame iliyo hai.

Let ya kuruhusu hufuatwa na kitenzi kitupu, pasipo to. Husemwa let him go, lakini allow him to go. Mwanafunzi aandikaye let him to go amechanganya njia mbili, na kosa hili twaliona katika barua za watu wenye vyeti vikubwa. Tena let haibadiliki kwa wakati uliopita. He lets ni wa sasa, he let ni wa zamani, tofauti ikiwa ni s moja tu. Asomaye kwa haraka hatatambua kama baba alimruhusu binti yake kwenda shule mwaka jana, au humruhusu kila siku.

Twaja sasa penye uzito. Kiingereza hakina umbo la kitenzi kama letu la twende, aje, wasome, ambalo kwa herufi moja ya mwisho laonyesha nia, amri ya upole, ombi na shauri. Kwa hiyo hulazimika kuliazima neno let lifanye kazi hiyo. Let us pray si ombi la ruhusa. Ni "tuombe", au kwa desturi ya ibada, "na tuombe". Let him come kwaweza kuwa "mruhusu aje", na kwaweza kuwa "na aje". Maneno ni yale yale, na maana yajulikana kwa kumtazama asemaye na aambiwaye. Fikiri habari ya uumbaji katika sura ya kwanza ya Mwanzo. Kiingereza husema let karibu kila Mungu anapotamka, na mtoto afasiriye neno kwa neno aweza kudhani kwamba Mungu alikuwa akimwomba mtu fulani airuhusu nuru. Kiebrania chasema yehi, neno moja, na Kiswahili chasema iwe, neno moja. Katika jambo hili lugha yetu yakaribia ile ya Musa kuliko Kiingereza, na si vibaya watoto wetu wakaambiwa hivyo, maana wengi hulelewa katika fikira ya kwamba kila kilicho katika Kiingereza ni bora.

Waingereza wenyewe hutenga kidogo kwa kufupisha. Marafiki wakitaka kuondoka husema let's go, yaani "twende". Wafungwa wamwambiao mlinzi wao let us go hawawezi kufupisha. Wao wasema "tuachilie". Mtu akifundisha kwamba let's na let us ni kitu kimoja kwa daima, amewafunga wafungwa hao mara ya pili.

Mwalimu wa hesabu naye anayo let yake. Kitabu kisemapo let x be 5, hakuna ruhusa hapo wala amri. Maana yake ni "tuseme x ni 5", au "chukulia kwamba x ni 5". Tumeona daftari moja ambamo mtoto ameandika "ruhusu x iwe 5". Hesabu yake ilikuwa sahihi, masikini, lakini alikuwa akihesabu katika giza.

Wengi hufasiri let kwa acha, na mara nyingi wapatia. Lakini acha nayo ina makali yake. Mama amwambiapo mtoto "acha kucheza", amekataza. Amwambiapo dada yake "mwache acheze", ameruhusu. Kitenzi ni kile kile. Kilichogeuza ni kumtaja mtendewa na umbo la kitenzi kifuatacho. Basi tusiwacheke Waingereza kwa neno lao lenye nyuso mbili, maana nasi tunalo nyumbani. Na iko hatari kubwa zaidi. He let his wife go to market ni "alimwacha mkewe aende sokoni", au vema zaidi, "alimruhusu". Mfasiri mvivu akiishia kwenye "alimwacha mkewe", amekwisha kuvunja ndoa ya watu, kwa kuwa kwetu kumwacha mke ni kumpa talaka.

Twasikia pia, hasa upande wa Kenya, "wacha nikuambie", "wacha niende". Wako wazee wakasirikao wakisikia hivyo. Sisi hatukasiriki katika mazungumzo, ila katika maandishi twapenda zaidi "hebu nikuambie", au kitenzi peke yake: "nikuambie". Let me help you ni "nikusaidie", kwa sauti ya kuuliza, na haiba yake hutosha. Let me see, asemapo mtu anayefikiri, ni "hebu nione".

Sasa twataka kuleta habari ya go, kwa kuwa let na go zikikutana huzaa mtoto mwenye hila. Let go of the rope ni "iachilie kamba". Maneno ya Musa kwa Farao, katika Biblia za Kiingereza, ni ya let na go. Katika Kiebrania neno ni la kutuma au kupeleka, na Kiswahili husema kuwapa watu ruhusa waende zao. Yote hayo ni mema. Lakini katika ofisi za leo let go ina maana nyingine, nayo ni kumwondosha mtu kazini. Mwajiri aona haya kuandika "tumekufukuza", basi aandika we are letting you go, kana kwamba mfanyakazi ndiye aliyekuwa akivuta kamba atoke.

Kijana mmoja, karani, alipokea barua ya namna hiyo katikati ya mwezi. Alikuwa ameomba likizo ya siku 14 ili akamwuguze mama yake. Akaisoma mara moja, akafurahi, akawaambia wenzake kwamba wakubwa wamemruhusu. Akapanda basi, akakaa kwao muda wake, akarudi na kapu la machungwa kwa ajili ya mkubwa wake. Akakuta mtu mwingine ameketi mezani pake. Barua ilikuwa imeeleza ukurasa wa pili kwamba mwenye malalamiko ayalete katika muda wa siku 7. Siku zile zilikuwa zimekwisha pita. Hakuisoma sehemu ile, kwa kuwa alikwisha kuyaelewa maneno ya kwanza, au alidhani ameyaelewa. Waalimu, tafadhali, fundisheni usemi huu kabla ya ule wa paka na mfuko. Hakuna aliyepoteza kazi kwa kutomjua paka.

Kadhalika katika mambo ya nyumba. Mwenye nyumba lets, mpangaji rents. Ndiyo tofauti yetu ya kupangisha na kupanga. Rent siku hizi hutumika kwa pande zote mbili na huleta ghasia, lakini let huwa ya mwenye mali. Sublet ni mpangaji kumpangisha mwingine chumba alichopanga yeye, nayo mikataba mingi huikataza. Mtu amkaribishaye binamu yake na kupokea fedha za kila mwezi kutoka kwake aitazame karatasi aliyotia sahihi kabla ya kudhani kwamba ni mambo ya jamaa tu. Na ule ubao usemao TO LET, uonekanao katika miji ya Kenya kama katika Uingereza, haumaanishi "kuruhusu" bali "nyumba ya kupangisha". Watoto watundu huongeza herufi i katikati, ukawa ubao wa choo. Huko Uingereza mzaha huu ni wa zamani, na wenye nyumba wamechoka kuufuta.

Misemo mingine twaipita upesi. Let down ni kuangusha, na Kiswahili kimekutana nacho njiani bila kuazimana: "ametuangusha" ni he has let us down, neno kwa neno. Kwa akina mama washonao, let down ni kuteremsha pindo ili gauni liwe refu, na let out ni kulipanua kwa kufungua mishono, mtoto anapokua. Lakini let out yaweza pia kuwa kutoboa siri, au kutoa sauti. Let off ni kumwachilia mtu pasipo adhabu: hakimu akisema kwamba mshitakiwa is let off with a warning, amempa onyo, basi, aende kwake. Bunduki ikiwa let off, hiyo imefyatuliwa. Mvua ikiwa imeanza to let up, yapungua. Viatu vikiwa let in water, vyaingiza maji. To let blood ilikuwa kutoa mgonjwa damu, kazi iliyofanywa na waganga wa Ulaya kwa karne nyingi na pengine kwa ukatili. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alitolewa damu nyingi mno siku aliyokufa, tarehe 14 Desemba 1799. Nasi tulikuwa na wapiga chuku wetu, ambao pembe yao siku hizi imebaki zaidi katika usemi: apigaye chuku ni aongezaye chumvi katika habari zake.

Let bygones be bygones ina mwenzake kamili, nasi hatuhitaji kuifasiri: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Let sleeping dogs lie yakaribiana na usiamshe aliyelala, ingawa yetu yaonya zaidi, maana huongeza kwamba utalala wewe.

Ila kuna mmoja tuupendao, nao ni let alone. Wanafunzi huufasiri "acha peke yake", na sentensi yote huharibika. He cannot pay a shilling, let alone a hundred: "hawezi kulipa shilingi moja, sembuse mia". Sembuse ndiyo yenyewe. Au seuze, kama wasemavyo wengine. Kanuni ni kwamba hutangulia lile dogo au rahisi, nalo hukanushwa. Kisha lile kubwa huja nyuma ya let alone. Mtu akipindua, akasema kwamba hawezi kulipa mia sembuse moja, watu watamcheka kwa Kiingereza kama watakavyomcheka kwa Kiswahili. Lakini Let me alone, hiyo ni "niache", wala haina sembuse ndani yake.

Mwishoni mwa barua yake mwalimu auliza kama booklet, yaani kijitabu, na leaflet, yaani kikaratasi, ni za ukoo huu. La. Let hiyo ni kiambishi cha udogo kilichokuja kutoka Ufaransa, nacho chafanya kazi ya ki- na kiji- yetu. Bali inlet, yaani hori liingiapo maji ya bahari, na outlet, mahali maji yatokeapo, hizo ni za ukoo wa let ile ya kuachilia.